Pafu Lenye Kasoro ya Kuzaliwa: Msaada wa Kipimo cha CT kwa Mtu Mzima

(Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara kwa watumishi wa Serikali na wakaazi. Yanachapishwa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)




Mimi si tabibu. Kazi yangu ni kuyapokea maelezo ya matabibu na kuyafikisha kwenu kwa lugha tunayosikilizana. Jambo nililopewa leo ni kasoro za mapafu ambazo mtu huzaliwa nazo na asizitambue mpaka awe mtu mzima, na namna kipimo cha CT kinavyosaidia kuzibainisha. Kwa kusikia tu, mtu anaweza kudhani kuwa hayo ni mambo ya wataalamu peke yao. Naomba mnivumilie kidogo, maana mwenye kuumia kwa kutojulikana kwa kasoro hizi ni mwananchi wa kawaida.

Tuchukue mfano wa mtu wa umri wa miaka thelathini na kitu. Kila baada ya miezi michache hushikwa na homa, kifua humbana upande mmoja, naye hukohoa makohozi mazito, pengine yenye michirizi ya damu. Hupewa dawa za kuua vijidudu, akapata nafuu, akarudi kazini. Baada ya muda maradhi humrejea, na picha ya eksirei huonesha kivuli pale pale kilipokuwa mwanzo. Makohozi yake hupimwa kifua kikuu mara ya kwanza na ya pili, na vijidudu havionekani. Hata hivyo, kwa kuwa kivuli kipo na kikohozi kipo, na kwa kuwa nchi yetu iliwekwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu kwa miaka ya 2021 hadi 2025, tabibu humwanzishia dawa za miezi sita. Mgonjwa humaliza dozi yake yote kwa uaminifu. Kivuli hubaki. Hapo tena majirani huanza kusema yao, wenzake ofisini husogeza viti, na yeye mwenyewe hulala akijiuliza kama ana saratani au kuna mtu aliyemfanyia jambo.

Nataka nieleweke vizuri. Wengi wa watu wa namna hii wana kifua kikuu kweli, au wana makovu ya kifua kikuu cha zamani, na tabibu aliyewaanzishia dawa amefanya lililo sawa. Kipimo cha makohozi kinaweza kukosa kuviona vijidudu ambavyo vipo. Mtu asitoke katika mazungumzo haya akaenda nyumbani kutupa vidonge vyake. Lakini wamo wachache ambao katika vifua vyao hapana kijidudu cha kifua kikuu wala saratani. Kilichopo ni sehemu ya pafu ambayo haikuumbika kama nyengine tangu wao wakiwa matumboni mwa mama zao.

Matabibu wanatueleza kwamba mapafu huanza kuumbika katika wiki ya nne ya mimba, yakiwa kichipukizi kidogo kinachotokeza kwenye mrija ule ule utakaokuja kuwa njia ya chakula. Kichipukizi hicho hugawika matawi mawili, la kulia na la kushoto, na kila tawi hugawika tena na tena mfano wa mkarafuu unavyotandaza matawi yake, mpaka kufikia vifuko vidogo mno vya hewa. Mishipa ya damu nayo hufuatana na matawi hayo. Katika kazi ndefu kama hiyo hutokea, kwa nadra, tawi moja likaziba tokea mwanzo, au kichipukizi cha ziada kikaota pasipo mahali pake, au mshipa wa damu ukashika njia isiyokuwa yake. Hayo hutokea pengine kabla mama hajawa na hakika kuwa ni mjamzito. Haifai basi kumlaumu mama kwa chakula alichokula, wala kumtafuta jirani mwenye jicho baya.

Ama kwa nini kasoro ya kuzaliwa ikae kimya miaka thelathini au arubaini, jawabu lake ni kwamba mapafu yana akiba kubwa. Mtu anaweza kusoma skuli, kucheza mpira, kuoa na kuzaa, huku pembe moja ya pafu lake haifanyi kazi yoyote. Kasoro hujitokeza pale pembe hiyo inapoingiwa na vijidudu na kushindwa kujisafisha, au damu inapoanza kutoka, au picha ya kifua inapopigwa kwa sababu nyengine kabisa, kama vile safari au ajira.

Nitakaa zaidi kwenye kasoro moja, kwa sababu ndiyo inayoonesha vizuri zaidi thamani ya kipimo tunachokizungumza. Matabibu huiita pafu lililojitenga. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1946, alipolieleza mtaalamu wa maradhi wa Uingereza, D. M. Pryce. Pafu lililojitenga ni kipande cha nyama ya pafu ambacho hakikuungana ipasavyo na matawi ya njia ya pumzi, na ambacho damu yake hakiipati kutoka kwenye mshipa wa mapafu kama sehemu nyengine. Hupata damu kutoka kwenye mshipa mkuu wa mwili utokao moyoni, uitwao aota. Wenzetu wa idara ya maji wataielewa hali hii bila ya taabu: ni sawa na nyumba iliyojiunganishia moja kwa moja kwenye bomba kuu, ikaiacha njia ya mtaa ambayo nyumba zote huchotea.

Kiasi cha robo tatu ya mapafu yaliyojitenga huwa yamo ndani ya pafu la kawaida, yamefunikwa na ngozi ile ile ya pafu, na hawa ndio wagonjwa ambao mara nyingi hugundulikana wakiwa vijana au watu wazima. Aghalabu kipande hicho huwa upande wa kushoto, chini na nyuma. Hewa hupenya kidogo kutoka sehemu jirani, na vijidudu hupenya nayo, lakini njia ya kuyatoa makohozi hakuna. Ndipo homa ya mapafu inapokuja, ikaondoka kwa dawa, na ikarudi tena mahali pale pale. Hilo la kurudi mahali pale pale ndilo alama ambayo daktari mzoefu huitilia maanani.

Sasa tuangalie kwa nini picha ya eksirei haitoshi. Eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, ni msaada mkubwa na itaendelea kuwa ndiyo ya mwanzo kupigwa. Lakini ni kivuli. Mtu akisimama mbele ya taa, kivuli chake ukutani hukusanya kila kitu pamoja, wala huwezi kujua mkono upo mbele ya kifua au nyuma yake. Katika picha ya kifua, mbavu, moyo, mishipa na mapafu huanguka juu ya karatasi moja. Na upande wa kushoto chini, ambako pafu lililojitenga hupenda kukaa, umejificha nyuma ya moyo. Tabibu huona weupe. Weupe huo unaweza kuwa homa ya mapafu, kifua kikuu, saratani, maji, au kasoro tunayoizungumza.

Kipimo cha CT hufanya kazi kwa njia nyengine. Mgonjwa hulala juu ya kitanda chembamba kinachopita katikati ya duara, na ndani ya duara hilo chombo cha eksirei humzunguka kikimpiga kutoka kila upande. Kompyuta hukusanya vipimo vyote hivyo na kuchora mwili kama boflo lililokatwa vipande vyembamba, na daktari hulitazama kipande baada ya kipande. Kila nukta ya picha hupewa namba kwa mujibu wa uzito wa kitu kilichopo hapo: hewa ni 1000 chini ya sifuri, maji ni sifuri, na mfupa hupanda mamia kwa mamia. Namba hizo zinaitwa kwa jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI ya Uingereza, ambaye mashine yake ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley huko London. Mwaka 1979 alipewa Tunzo ya Nobel ya tiba kwa pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye alianza kuzifikiria hesabu za kazi hiyo alipokuwa Cape Town mwaka 1956. Nalitaja hili kwa makusudi, maana vijana wetu wa skuli huambiwa mara nyingi kwamba mambo haya yote yametoka Ulaya.

Mashine za mwanzo zilipiga ubongo tu, na kipande kimoja kilichukua dakika kadhaa. Za leo huzunguka bila ya kusita na humaliza kifua kizima katika muda wa mgonjwa kuzuia pumzi mara moja. Palipo haja, mgonjwa hudungwa mshipani dawa yenye madini joto, ambayo huifanya damu ing'are katika picha. Picha ikipigwa wakati dawa hiyo inapita kwenye aota, mshipa ule wa wizi, kama naweza kuuita hivyo, huonekana waziwazi ukitoka kwenye aota na kuingia katika kipande cha pafu. Huonekana pia ni mmoja au ni miwili, na kama unatoka juu ya kiwambo cha tumbo au chini yake. Zamani ilibidi mgonjwa aingizwe mrija ndani ya mshipa wa damu ili jambo hilo lijulikane.

Huenda mtu akauliza, kuujua mshipa huo kuna faida gani, ikiwa kipande kibovu kitakatwa tu? Faida yake ni uhai wa mgonjwa. Msukumo wa damu katika aota ni kiasi cha mara tano ya ule ulio katika mishipa ya mapafu. Daktari wa upasuaji anayefungua kifua akidhani anaondoa pafu lililoharibiwa na kifua kikuu, akaukata mshipa huo bila ya kujua kuwa upo, anaweza kuuona ukijivuta na kuzama chini ya kiwambo huku damu ikimwagika, na asiufikie kwa wakati. Mwenye picha mkononi huutafuta mshipa kwanza, huufunga, kisha ndipo hukata. Upasuaji wa namna hiyo, ukipangwa vyema, humwondolea mgonjwa homa zake za kila mara. Na kwa yule ambaye kasoro yake imeonekana kwa bahati na haimsumbui kwa lolote, wapo madaktari wanaoona ni bora kumfuatilia tu.

Kasoro ya pili ninayotaka muijue ni fundo la mishipa ya damu ndani ya pafu. Hapa ateri imeungana na vena moja kwa moja bila ya vile vishipa vyembamba vya katikati, ambavyo miongoni mwa kazi zake ni kuchuja. Kwa hivyo kipande cha damu iliyoganda, au kijidudu kilichotoka kwenye jino bovu, hupita pafu bila ya kuzuiliwa na kufika kwenye ubongo. Mtu wa makamo hupata kiharusi, au jipu la ubongo, na hakuna anayefikiria kulitazama pafu lake. Katika eksirei fundo hili huonekana kama uvimbe wa mviringo, na hatari kubwa ni daktari kuudhania saratani akauchoma sindano ili achukue kinyama cha kupima. Picha ya CT ya vipande vyembamba huonesha mshipa unaoingia na mshipa unaotoka, na mara nyingi hata dawa ya kung'arisha haihitajiki. Baada ya hapo fundo linaweza kuzibwa kwa kupitisha mrija ndani ya mshipa, bila ya kupasua kifua.

Kasoro hii, tofauti na nyingi nyengine, aghalabu huwa ni ya kurithi. Wengi wa wenye nayo wana maradhi ya ukoo ambayo dalili yake ya kawaida ni kutokwa na damu puani mara kwa mara, pamoja na vidoa vyekundu midomoni na ulimini. Kila mtoto wa mwenye maradhi haya ana nafasi nusu kwa nusu ya kuyapata. Basi ikiwa katika nyumba moja baba anatoka damu puani, shangazi anatoka, na mtoto anatoka, na mmoja wao amewahi kupata kiharusi akiwa bado kijana, jambo hilo lielezwe kwa daktari kwa ukamilifu. Hasa aelezwe ikiwa yupo mjamzito katika ukoo huo, kwa sababu fundo linaweza kutoa damu wakati wa mimba.

Zipo nyengine ambazo nitazipitia kwa haraka. Tawi la njia ya pumzi linaweza kuwa limeziba tangu kuzaliwa, mara nyingi katika sehemu ya juu ya pafu la kushoto. Makohozi hujikusanya nyuma ya kizuizi yakafanya bonge linalofanana na uvimbe, na CT huonesha kuwa nyama ya pafu iliyolizunguka imejaa hewa kupita kiasi, na kwa hivyo siyo saratani. Vipo vifuko vya maji karibu na pale koo la pumzi linapogawika. Ipo pia hali ya pafu la kulia kuwa dogo, na vena yake, badala ya kurudi kwenye moyo kwa njia ya kawaida, huteremka chini ikiwa imepinda mfano wa kitara, yaani upanga wa kale uliopinda. Catherine Neill na wenzake waliitumia sura hiyo ya upanga kuipa hali hiyo jina mwaka 1960. Na wapo watu wazima, wachache sana, wanaoishi na pafu moja. Eksirei yao huwa nyeupe upande mmoja, na anayeitazama kwa haraka huweza kudhani ni maji akataka kuyavuta kwa sindano. CT huonesha kuwa tawi la pumzi na mshipa wa pafu upande huo havikuwapo tangu mwanzo.

Aidha, kuna maumbile ambayo hayana madhara yoyote. Kiasi cha mtu mmoja katika mia, au pungufu ya hapo, ana kipande cha ziada juu ya pafu la kulia kilichotengwa na mshipa uitwao azigo. Huyo hana maradhi na hahitaji dawa. Nasema hivi kwa sababu wapo watu wanaosoma karatasi ya majibu wenyewe kabla ya daktari, wakakosa usingizi wiki nzima kwa neno ambalo halina uzito.

Kipimo cha CT nacho kina mipaka yake. Kifuko cha maji ambacho maji yake yamekuwa mazito huweza kuonekana kama uvimbe wa nyama, na sehemu iliyoharibiwa na vijidudu kwa miaka mingi huweza kufanana na makovu ya kifua kikuu. Picha husomwa pamoja na historia ya mgonjwa. Vilevile mionzi yake ni mingi kuliko ya eksirei. Picha moja ya eksirei ya kifua humpa mtu mionzi isiyozidi kiasi cha milisiveti 0.1, na CT ya kifua ya kawaida ni kiasi cha milisiveti 5 hadi 7. Mionzi ya asili ambayo kila mwanaadamu huipata kutoka ardhini na angani ni wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka. Hivyo kipimo kimoja ni sawa na mionzi ya asili ya miaka miwili au mitatu. Si kitu cha kumtisha mgonjwa mwenye haja nacho, lakini pia si kitu cha kuombwa kwa sababu jirani amefanyiwa. Mjamzito aseme kuwa ni mjamzito. Mwenye maradhi ya figo, mwenye kisukari anayetumia metformini, na yule aliyewahi kudhurika kwa dawa ya kung'arisha, wote waseme kabla ya kudungwa.

Kipimo hiki hakimo katika kila kituo cha afya, na huombwa na daktari kwa fomu ya rufaa. Lakini yapo mambo ambayo mgonjwa mwenyewe anaweza kuyafanya, na la kwanza ni kutunza picha zake za zamani. Kivuli kilichokuwapo miaka kumi iliyopita, mahali hapo hapo na kwa ukubwa huo huo, kina maana tofauti kabisa na kivuli kilichozuka mwezi uliopita, na hapana mashine inayoweza kulijua hilo kama picha ya zamani imepotea. Inasikitisha kuona picha za eksirei zimezibia vioo vya madirisha, au watoto wamepewa watazamie jua linapopatwa, jambo ambalo lenyewe ni hatari kwa macho. Ziwekwe bapa ndani ya bahasha, mahali pakavu, zikiwa na tarehe. Waliopewa picha katika diski nao waitunze.

La pili ni kuandika. Mgonjwa aandike tarehe za kila homa, upande uliouma, dawa alizopewa, na majibu ya makohozi. Akifika kwa daktari aulize kwa adabu: je, kivuli hiki kimekuwa mahali pamoja siku zote, na je, pana haja ya CT kabla ya kuanza dawa za kifua kikuu kwa mara nyengine, au kabla ya kuchomwa sindano ya kuchukua kinyama? Daktari hachukizwi na suali kama hilo.

Kwa wakuu wa vitengo walioko hapa, nina ombi moja. Mtumishi anayeleta karatasi za ruhusa ya ugonjwa mara nne kwa mwaka kwa kifua, asiandikwe katika faili kuwa ni mtegaji kazi, wala asitengwe kwa kudhaniwa ana kifua kikuu ambacho hakijathibitishwa na tabibu. Apewe nafasi ya kwenda kwenye rufaa yake, na siku za safari ya kuvuka bahari zihesabiwe.

Wenye masuali wanaweza kuyaandika na kuyaleta katika Ofisi ya Habari ya Wizara. Yale ya kitabibu tutayapeleka kwa madaktari wenyewe, na majibu yatachapishwa katika ukurasa huu bila ya kutaja majina ya wagonjwa.